Jenereta iwashwe saa ngapi? Hesabu iliyojificha ndani ya gridi ndogo

Katika chumba cha mitambo cha kijiji kimoja cha visiwani, wilaya ya Ukerewe, daftari la opereta linaning'inia mlangoni kwa kamba ya katani. Kila siku linaandikwa mambo matatu: saa ya kuwasha jenereta, saa ya kuizima, lita zilizotumika. Nilifunua kurasa za wiki nzima nikakuta zinafanana: imewashwa saa 4 usiku, imezimwa saa 12 asubuhi, lita hamsini na ushei. Paneli zilikuwa safi. Betri zilikuwa bado changa. Opereta mwenyewe ni kijana makini, anayefuta vumbi la mita kwa kitambaa chake cha mfukoni. Hakuna kilichoharibika, na bado karibu nusu ya dizeli ile ilikuwa inaungua bure.

Nimeandika makala hii kueleza hiyo nusu ilikuwa inapotelea wapi. Watu wengi, wakiwemo wanaotoa fedha za miradi, wanaamini umeme wa kijijini unakuwa nafuu kwa kununua paneli zaidi au betri kubwa zaidi. Mara nyingi dawa ni mpangilio: chanzo kipi kianze, kipi kisubiri, na kwa saa ngapi.

Gridi ndogo ni umeme wa kijiji, kisiwa au mji unaojitegemea, wenye vyanzo vyake, nyaya zake na wateja wake. Kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria kilianza kupata umeme wa namna hii, wa sola ukisaidiwa na dizeli, mwaka 2016. Kenya nayo iliongeza sola kwenye vituo vya dizeli vya Lodwar na Mandera, na mitambo ya upepo kule Marsabit. Sola ikiwa kidogo kando ya jenereta kubwa, kazi ni rahisi: jua linapunguza tu mafuta ya mchana, na jenereta haizimwi. Ugumu unaanza sola inapokuwa kubwa kiasi cha jenereta kuweza kuzimwa kabisa, kwa sababu hapo kuna wa kuamua iwashwe lini.

Na gridi ndogo haina jirani wa kumwazima. Gridi ya taifa ikipungukiwa upande mmoja, bwawa la upande mwingine linajazia. Kisiwani, kilowati tano zikikosekana, taa za kila nyumba zinajua.

Mdundo wa Hz 50

Kabla ya fedha, kuna suala la taa kuwaka bila kutetereka. Umeme una mdundo, mara 50 kwa sekunde, ambao mafundi wanauita frikwensi na kuupima kwa Hz. Jenereta ikiwa kazini, mdundo huo ndio mwendo wa injini: mzigo ukizidi injini inalemewa na mdundo unashuka, mzigo ukipungua unapanda. Jenereta ikizimwa, ngoma inapigwa na inveta ya betri, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa aina inayotumika majumbani. Inveta za sola za kawaida haziwezi kuanzisha mdundo, zinafuata tu unaopigwa.

Hapo kuna ujanja ninaoupenda kuliko yote katika fani hii. Betri zikijaa wakati jua bado kali, umeme unaozidi hauna pa kwenda. Inveta ya betri basi inaupandisha mdundo makusudi. Katika mipangilio iliyozoeleka, mdundo ukivuka Hz 51 inveta za sola zinaanza kupunguza, na ukifika Hz 52 zimenyamaza kabisa. Hakuna waya wa mawasiliano, hakuna intaneti wala laini ya simu. Ujumbe unapita ndani ya waya uleule unaowasha taa.

Mitambo midogo ya maporomoko ya maji, kama ile ya nyanda za juu za Njombe na Ruvuma, mara nyingi inafuata njia nyingine. Lango la maji haliwezi kukimbizana na taa za kijiji zinazowashwa na kuzimwa, kwa hiyo mtambo unaachwa uzalishe kiasi kilekile muda wote, na kifaa cha kielektroniki kinaisukuma ziada yote kwenye hita. Ukipita usiku wa manane utakuta maji yanachemka na hakuna anayeoga. Si uzembe, maji yale yangepita mtoni hata hivyo.

Kazi hii ya sehemu za sekunde ndiyo inayowafanya watu walale wakiwa na taa, lakini haipunguzi gharama. Fedha zinaokolewa au kupotea katika maamuzi ya dakika na saa, na hayo ndiyo yaliyokuwa yamekosewa kwenye daftari lile.

Mafuta ya kuwa hai na mafuta ya kazi

Jenereta inakula mara mbili. Inakula ili injini izunguke tu, halafu inakula tena kwa kila uniti, yaani kilowati moja kwa saa moja, inayotoa. Kadirio linalotumika sana katika kusanifu mitambo ya vijijini ni hili: lita 0.084 kwa saa kwa kila kilowati ya ukubwa wa jenereta, hata isipotoa kitu, na lita 0.246 kwa kila uniti inayozalishwa.

Chukua jenereta ya kilowati 50. Kuwa hai tu kunagharimu lita 4.2 kila saa. Ikibeba mzigo wake wote inakunywa lita 16.5 kwa saa, yaani lita 0.33 kwa uniti. Ikibeba kilowati 10, inakunywa lita 6.66, yaani karibu lita 0.67 kwa uniti. Mashine ni ileile na dizeli ni ileile, lakini uniti imeshakuwa ghali mara mbili. Ni kama boti inayovuka ziwa na abiria wawili. Zaidi ya hapo, injini ya dizeli inayokaa muda mrefu na mzigo mdogo haipati joto la kutosha, mafuta yasiyoungua vizuri yanaganda na masizi kwenye bomba la moshi, na fundi anaitwa mapema kuliko ilivyopangwa.

Sasa tukiweke kijiji kwenye hesabu. Namba hizi nimezirahisisha ili zifuatike, na bei ni za kukadiria. Kuanzia saa 1 jioni hadi saa 4 usiku kijiji kinatumia kilowati 35: taa, televisheni, vinyozi, baa. Hizo ni uniti 105. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi kinatumia kilowati 10, kwa friji na taa chache za nje. Hizo ni uniti 80. Jumla ya usiku mzima ni 185, na betri zilizojazwa na jua zinaweza kutoa 105. Kwa hiyo jenereta lazima itoe 80, upende usipende.

Kwenye daftari lile betri zilianza. Jua likizama, betri zinashika mzigo mpaka zinaisha saa 4 usiku, halafu jenereta inaamka na kubeba kilowati 10 kwa saa nane. Lita 6.66 mara nane ni lita 53.

Geuza zamu. Jenereta ianze saa 1 jioni, ibebe zile kilowati 35, itoe uniti zake 80 kwa muda wa saa 2 na dakika 20 hivi, izimwe. Betri zimalizie jioni na zibebe usiku wote mtulivu. Kwa kilowati 35 jenereta inakula lita 12.8 kwa saa, kwa hiyo jumla haifiki lita 30.

Uniti 80 kwa lita 53, au uniti zilezile 80 kwa lita 30. Betri zimetoa 105 katika njia zote mbili, hazikuchoka zaidi. Hakuna paneli iliyoongezwa. Lita moja ikifika kisiwani kwa Tsh 3,000, baada ya nauli ya boti na mapipa, tofauti ni kama Tsh 70,000 kila usiku, zaidi ya Tsh milioni 25 kwa mwaka. Kwa kijiji cha wavuvi, huo ni mshahara wa watu kadhaa.

Umeme wa betri nao una bei

Wengi wanahesabu umeme wa betri kuwa wa bure kwa sababu umetoka kwenye jua. Betri inachakaa kila inapotumika. Seti ya Tsh milioni 100 inayoweza kutoa uniti 105 kwa siku kwa mizunguko 3,000 ya kujaa na kuisha itatoa uniti 315,000 kabla ya kustaafu. Gawanya, na kila uniti inayopita humo inakula Tsh 320 hivi za betri yenyewe.

Kwa namba hiyo maswali mengine yanajibika. Je, jenereta inapokuwa imewashwa, iongezewe kazi kidogo ili ijaze na betri? Uniti ya ziada kutoka kwenye jenereta inayozunguka tayari inagharimu lita 0.246, yaani Tsh 738. Moja ya kumi inapotea njiani kuingia na kutoka betrini, inakuwa 820. Ongeza uchakavu wa betri, ni Tsh 1,140. Ukiilinganisha na uniti ya saa 9 usiku kutoka kwenye jenereta yenye mzigo mdogo, ambayo inafika karibu Tsh 2,000, ni nafuu kubwa. Lakini ukiilinganisha na uniti ambayo jua la kesho lingeileta pasipo dizeli kabisa, ni hasara tupu, maana umeijaza nafasi ambayo jua lingeikalia.

Kutoka hapo inapatikana namba moja muhimu: mzigo ambao chini yake betri iliyojazwa na jenereta ni nafuu, na juu yake jenereta yenyewe ni nafuu. Kwa kijiji chetu, zile lita 4.2 za kuwa hai ni Tsh 12,600 kwa saa. Zigawanye kwa tofauti kati ya 1,140 na 738. Jibu ni kilowati 31 hivi. Mzigo wa jioni, 35, ni wa jenereta. Mzigo wa usiku, 10, ni wa betri hata kama zilijazwa kwa dizeli. Dizeli ikipanda bei au betri zikishuka, namba hiyo inahama, nayo lazima ihesabiwe upya.

Kuhesabu kutoka alfajiri

Mtu atauliza: jenereta ikiwashwa jioni, opereta atajuaje aizime saa ngapi? Akizidisha, alfajiri itamkuta na betri nusu, na jua la asubuhi litakosa pa kuingia. Akipunguza, saa 10 alfajiri itabidi aiwashe tena.

Jibu ni kuanzia mwisho. Saa 12 asubuhi tunataka betri ziwe karibu na kiwango chao cha chini, zikilingoja jua. Usiku unahitaji 80, kwa hiyo saa 4 usiku betri ziwe na 80. Sasa tazama zilivyo saa 1 jioni. Zikiwa na 105, jioni inaweza kuchukua 25 humo na jenereta itoe 80. Mchana ukiwa wa mawingu na betri zikaingia jioni na 60 tu, jenereta itoe 125 ndani ya saa tatu, karibu kilowati 42, na zile 7 zinazozidi mzigo ziende betrini. Uniti 20 zitakazowekwa hivyo zinakula kama lita tano na nusu. Zingeachwa zizalishwe saa 9 usiku zingekula lita 13.

Utaratibu huu wa kutembea kinyumenyume kutoka mwisho ulipewa umbo la kihisabati na Mmarekani Richard Bellman katika miaka ya 1950. Kompyuta za kisasa za kuongoza gridi ndogo zinafanya hivyohivyo kwa upana zaidi. Zinachukua utabiri wa jua na wa matumizi kwa saa 24 zijazo, zinapanga usiku mzima, zinatekeleza robo saa ya kwanza tu, halafu zinapanga tena upya kwa taarifa mpya. Wingu likipita saa 8 mchana mpango unajirekebisha.

Sipingi kompyuta hizo. Ninachopinga ni kijiji kuambiwa kwamba bila hizo hakuna nafuu. Mwaka 1996 watafiti wawili, Barley na Winn, walilinganisha mikakati rahisi ya kuendesha mifumo ya jua, upepo, dizeli na betri na mkakati wa kufikirika unaojua kesho kikamilifu. Walikuta kanuni rahisi, zikichanganywa na ile namba ya mpaka niliyoieleza hapo juu, zinakaribia sana ule ukamilifu. Kwa mfumo wenye jenereta moja na seti moja ya betri, utabiri wa kusema "kesho itakuwa kama leo" unakutosha siku nyingi. Kompyuta kubwa inalipa pale vyanzo vinapokuwa vingi, jenereta tatu za ukubwa tofauti kwa mfano, au gridi ndogo inapounganishwa na TANESCO na kuanza kununua na kuuza.

Mashine ya kusaga

Kuna upande mwingine wa mizani ambao wahandisi wanauchelewesha: matumizi. Katika kijiji hiki jua la saa 7 mchana lilikuwa linakataliwa siku nyingi kwa ule ujanja wa Hz 51, na saa 12 na nusu jioni mashine ya kusaga ya kilowati 7.5 ilikuwa inaunguruma. Saa mbili za kusaga ni uniti 15. Zikihamia mchana hazigusi dizeli wala betri. Zikibaki jioni, kwa hesabu ya chini kabisa zinaongeza Tsh 11,000 za mafuta kila siku.

Nilikwenda kwa mwenye mashine.

"Shikamoo mama. Mbona mchana hamsagi?"

"Marahaba mwanangu. Mchana nimsagie nani? Watu wako shamba. Mahindi yanakuja na jioni."

Alikuwa sahihi, na hakuna mpangilio wa mtambo ungeweza kumsahihisha. Bei ya mchana ikishushwa bila kugusa ratiba ya watu shamba haimsaidii. Kilichokubalika baadaye kilitoka kwake: watoto wanaokwenda shule wapitishe mahindi asubuhi, kila mfuko na alama yake ya kitambaa, yasagwe saa 6 hadi saa 8 mchana, mama mwenye nyumba achukue unga akirudi. Gridi ikampa punguzo la uniti za mchana, naye akashusha bei ya debe kwa anayeacha mahindi asubuhi. Hata nusu ya zile 11,000 ikirudishwa kijijini kama punguzo, nusu nyingine inabaki kwa mwenye mtambo.

Mashine ile ilihitaji pia kifaa cha kuiwasha taratibu. Mota ya kawaida ikiwashwa moja kwa moja inavuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wake wa kawaida kwa sekunde chache, na gridi ndogo zinalazimika kununua inveta kubwa kwa ajili ya sekunde hizo.

Mitambo ya barafu ya wafanyabiashara wa sangara na pampu za maji zinafuata njia hiyohiyo. Tenki likijazwa saa 7 mchana ni akiba isiyochakaa, na barafu ya mchana bado ni barafu boti zinaporudi.

Haya yote yana uzito kwa sababu mnunuzi wa kijijini anajua bei za mjini. Mteja mdogo wa nyumbani wa TANESCO amekuwa akilipa Tsh 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na uniti ya dizeli tumeona inavyofika Tsh 2,000. Pengo hilo linazibwa na ruzuku, na jua, na usimamizi. Juu ya ruzuku opereta hana uamuzi. Juu ya saa ya kuwasha anapaswa kuwa nao.

Nasema anapaswa kwa sababu tulipotaka kubadili mpangilio tulikuta umefungwa kwa nywila ya kampuni iliyofunga mtambo. Namba zilizokuwemo, asilimia ya betri ya kuwasha jenereta na ya kuizima, ziliingizwa siku ya uzinduzi na hazikuguswa tena. Jenereta ilikuwa imeagizwa iamke betri zikiisha, basi. Masika ilikuja ikaenda, wateja wakaongezeka, dizeli ikapanda, namba zikabaki zilezile. Ilichukua wiki kadhaa za simu kupata nywila. Ninaamini mkataba wowote wa gridi ndogo ungestahili kutaja kwamba namba hizo zinakabidhiwa kwa anayelala karibu na mtambo, pamoja na mafunzo ya kuzibadilisha.

Opereta alichora jedwali dogo ndani ya jalada la nyuma la daftari. Upande wa kushoto, asilimia ya betri saa 1 jioni. Katikati, kilowati za jenereta. Kulia, saa ya kuzima. Mistari sita, kwa kalamu ya wino mwekundu, na chini yake nafasi ya kuandika upya masika itakapoanza.

Usiku wa kwanza tulikaa nje kwenye benchi. Jenereta ilizimwa saa 3 na dakika 20, na ndipo tukasikia redio ya jirani na mawimbi. Kwenye daftari aliandika: imewashwa saa 1 jioni, imezimwa saa 3:20 usiku, lita 30. Saa 12 asubuhi alirudi akaongeza jambo la nne, ambalo halikuwahi kuwemo: betri, asilimia 14.